Siri ya Mama wa Mapacha

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Mariana alifika kwa Mchungaji Josia, nje kidogo ya Bariadi, kajifunika kanga mpaka shavuni.

"Mwadila, mayu," mchungaji alimsalimu kwa Kisukuma. "Karibu, keti."

Mariana hakuketi. "Ngusa mume wangu ananipiga. Jana alishika panga. Nimekuambia wewe tu, Mchungaji."

Josia alimhurumia kweli. Alimwambia avumilie, akamwombea, akamrudisha nyumbani.

Jumapili, wakati wa maombi, alifanya alivyozoea. Shida za watu alizileta mbele ya kanisa bila kutaja majina.

"Tumwombee mama mmoja wa mapacha. Mumewe anamtishia kwa panga."

Bila jina, eti! Kijiji kizima kina mama mmoja tu wa mapacha. Shingo ziligeuka. Kabla ugali wa mchana haujaiva, Ngusa alishapata habari.

Jumatatu Josia alimkuta Mariana hospitali. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatwa kwa panga. Alipomwona mchungaji, aligeukia ukutani.

Eufrasia, afisa ustawi wa jamii, alimtoa Josia nje.

"Mchungaji, Ngusa alijuaje?"

"Mimi sikutaja jina."

"Sijakuuliza jina."

Josia alikaa chini, akalia. "Nilipaswa kufanya nini?"

"Mtu akikuletea siri, msikilize mpaka mwisho. Muulize anaogopa nini. Usiitoe siri yake, hata kwenye maombi. Na pakiwa na panga, usimrudishe. Mtafutie pa kulala. Akikubali, msindikize dawati la jinsia polisi, au mlete kwetu. Kuomba uombe, ila kwanza mtoe kwenye hatari."

Ngusa alikamatwa. Mariana na wanawe walihamia Lamadi kwa dada yake anayeuza dagaa.

Miezi mitatu baadaye, Shida, mke wa mzee wa kanisa, alikuja kwa Josia kumwambia kuwa naye mumewe anatishia kumuua. Safari hii Josia alisikiliza. Alimsindikiza mwenyewe mpaka kwa Eufrasia. Kanisani hakuna aliyejua. Leo Shida na watoto wake wako salama.

Ndipo Josia akapata ujasiri wa kwenda Lamadi kuomba msamaha. Mariana alikuwa akianua dagaa kwa mkono wa kushoto.

"Nimekusamehe, Mchungaji," alisema bila kuinua macho. "Wasaidie wengine. Lakini mimi sitakuambia neno tena."