Ncha ya Mbele ya Uzi

Rafiki yangu si mtu wa porojo. Tangu mkewe afariki, hukunja mashuka peke yake. Juzi aligonga kidogo nguzo ya geti, gari likaanza kuvuta kushoto, akalipeleka gereji. Fundi akaleta uzi apime kama magurudumu yamenyooka.

"Mzee, shika ncha hii ya nyuma. Mimi nashika ya mbele."

Umeme ukakatika. Giza totoro, mvua ikipiga bati. Uzi ukavutwa taratibu mara mbili, kama watu wawili wanavyonyoosha shuka kabla ya kulikunja.

"Bado tu, fundi?"

Kisha mlango ukalia nyuma yake.

"Samahani mzee, nilitoka kufuata tochi," fundi akasema.

Rafiki yangu hakugeuka. Uzi ulivutwa tena mara mbili, naye akavuta kujibu.