Hedifoni ya Binti wa Mwenye Ploti

Kila jioni akitoka shule, Filister alivua sare, akaikunja juu ya kitanda, kisha akabeba mtungi kwenda bombani. Walikuwa wapangaji wa Mzee Muigai, Kawangware: vyumba vya mabati vikitazamana, kiwanja kimoja katikati, choo kimoja mwisho. Mama yake, Mildred, aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Wanaotuambia leo kwamba miaka ile ya themanini ilikuwa ya neema hawakuwahi kupiga foleni ya choo kile.

Ploti ile ilikuwa na desturi moja nzuri, wala haikuletwa na mwenye ploti. Mtoto mdogo alikuwa wa kiwanja kizima. Mama akitaka kutoka, alimwambia yeyote aliyekaa nje, "Niangalizie huyu," na huyo akiitikia, hata kwa kichwa tu, basi, mtoto amekabidhiwa.

Mzee Muigai alikaa mbele, katika nyumba ya mawe. Binti yake Wangoi, rika la Filister, aliletewa na mjomba kutoka ng'ambo redio kaseti ndogo ya kuning'iniza kiunoni, pamoja na hedifoni. Hedifoni hiyo ilikaa juu ya masikio kwa sponji nene zilizovikwa ngozi laini, na ukanda wa kichwani nao ulikuwa na sponji. Wangoi aliikodisha kwa kazi. Ukimfulia soksi na kumchotea maji, unasikiliza upande mmoja wa kaseti.

"Kama una chawa sema mapema," alimwambia Filister mbele ya wenzake, nao wakacheka. Filister alifua soksi.

Alipoivaa, alisahau matusi. Haikumbana wala haikumchoma. Ilikuwa kama mtu amemshika masikio kwa viganja vya upole. Redio ya kwao ilikoroma, na betri zake zilianikwa juani zipate nguvu. Hapa alisikia kila uzi wa gita peke yake, besi ikitembea chini kwa chini, hata mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno. Kiwanja chote kikazimika. Alifumba macho, akawa anatikisa kichwa kufuata ngoma.

Wakati huohuo Mama alitoka chumbani. Maji ya ugali yalikuwa yakichemka kwenye jiko mlangoni, na Okoth, mdogo wake Filister, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa. Mama akamwambia Filister amwangalizie mtoto, anakimbia dukani kuchukua unga. Alimwona binti yake akitikisa kichwa, akadhani ameitikia, akaenda.

Filister alishtuka sponji moja ilipoinuliwa sikioni. Wangoi alikuwa amesimama mbele yake.

"Ndugu yako anaungua," alisema, taratibu, kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu imefunguka. Kisha akaivua hedifoni yote, akaipangusa kwa sketi yake. "Umeijaza jasho."

Ndipo Filister aliposikia kile kilio. Okoth alikuwa kando ya sufuria iliyopinduka, mkono umembabuka. Ndunge, jirani yao, alikuwa tayari anakimbia na ndoo ya maji baridi.

Mama aliporudi aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa na mtoto. Filister alimtazama Wangoi akiingia ndani na hedifoni shingoni, bila kugeuka.

"Nilienda choo," akasema. "Nilimwachia Wangoi. Aliitikia."

Mama alikwenda hadi nyumba ya mawe, akamwambia Mzee Muigai kwamba binti yake amevunja desturi. Mzee hakubishana. Asubuhi alikuja na fundi mwenye bisibisi, wakafungua bawaba, wakaubeba mlango wa chumba chao. Hivyo ndivyo walivyofanya wenye ploti wengi, wala hawakuona haya. Mpangaji hafukuzwi, anavuliwa.

"Mlango ni wangu," alisema Mzee. "Utarudi siku utakapomwomba binti yangu msamaha."

Mama alikataa. Akaanza kutia vyombo kwenye gunia. Wangehamia Kibera, Soweto West, kwa dada yake, ambako watu walilala hadi chini ya meza, na shule ya Filister ingeishia hapo.

Filister alimtazama akiitia gunini sufuria ileile.

"Mama, sikwenda choo," alisema. "Nilikuwa nimevaa hedifoni. Uliniambia mimi, na sikukusikia."

Mama aliliacha gunia. Hakumpiga. Alimshika mkono hadi nyumba ya mawe.

Mzee Muigai hakutosheka kuambiwa mlangoni. Aliwaita wapangaji wote, akamsimamisha Filister juu ya kreti la soda, akamwamuru aseme yote. Alipofika kwenye mkono wa Okoth, sauti ilimkatika.

"Anza tena," Mzee alisema.

Akaanza tena. Wangoi aliketi barazani, hedifoni masikioni, akichezesha mguu.

Mlango ulirudishwa. Watu wakatawanyika, ila Ndunge.

"Baba Wangoi," alisema, "huyu hakusikia, na amekiri. Wako alimwona mtoto anaungua akakimbilia sponji. Yeye atapanda kreti lini?"

Mzee aliingia ndani, akafunga mlango wake.

Jioni Mama alikuwa akimbadilishia Okoth bandeji. Vidole viwili vya mtoto yule havingenyooka tena.

"Uwongo wako ulitung'olea mlango, na ukweli umeurudisha," alimwambia Filister. "Hilo limekwisha. Lakini sikia. Yule anaweza kuziba masikio akastarehe. Ana ukuta wa mawe, ana mbwa, ana baba wa kusikia kwa niaba yake. Ukuta wetu sisi ni jirani anayesikia. Siku tukiacha kusikiana, hatuna mlango, hata kama bawaba zipo."

Filister alichukua bandeji chafu akaenda kuifua. Wangoi alimwita kutoka barazani, akiinua hedifoni juu.

"Wewe, soksi ziko."

Filister alimsikia vizuri sana. Akapita.