Ngumi Kwenye Sabuni ya Shangazi

Kila siku nikitoka shule navua sare, nakula, kisha naingia chumba cha nyuma kumsaidia shangazi. Yeye anakata miche ya sabuni kwa waya, mimi naifunga kwa karatasi yenye picha ya ngumi iliyoinuliwa. Darasani wananiita Kasuku kwa sababu sinyamazi, na kusema kweli jina limenikaa.

Wiki hiyo mwalimu wa uraia alitupa zoezi la kutengeneza video fupi kuhusu alama za siasa zinazotumika kuuzia bidhaa.

"Ni ya mazoezi tu, isitoke darasani," alituonya. "Uchaguzi umekaribia na watu wana hasira za karibu."

Nikamrekodi shangazi kwa simu yake mwenyewe. "Shangazi, hii ngumi ni ya chama?"

Akacheka. "Watu wanasema ni ya chama. Wapi! Huo ni mkono wa marehemu bibi yako akikamua mashuka. Mimi na vyama wapi na wapi?"

Jibu zuri, lakini video ilipooza. Nikakatakata hadi likabaki "ni ya chama", basi. Nikaongeza na ngoma nzito, nikajiona mtaalamu kweli. Nikamrushia jirani yangu wa dawati aone tu, naye akamrushia kaka yake, na usiku huohuo ikaenea mtaa mzima.

Kesho yake hakuja mteja hata mmoja. Mchana wanaume wawili walisimama ng'ambo ya barabara wakiutazama mlango wetu. Hawakununua kitu, hawakusalimia. Mmoja akaupiga picha. Siku ya pili walikuwa watano, na mlangoni tulikuta alama ya X imechorwa kwa rangi nyekundu. Muuza mkaa, jirani yetu wa miaka yote, alihamisha meza yake bila kututazama usoni.

"Nimewakosea nini jamani?" shangazi aliuliza, akifunga komeo mchana kweupe.

Mimi kimya. Kasuku mzima!

Alirudi kwenye kazi yake, lakini macho yalikuwa mlangoni, waya ukamkata kidole. Nilipoona damu kwenye sabuni nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, ni mimi! Nilikata maneno yako kwenye video, ikaonekana umesema sabuni ni ya chama."

Sikupigwa. Afadhali ningepigwa. Alinitazama weee, akafunga kidole kwa kitambaa, akasema, "Vaa viatu. Twende kwa mwalimu."

Mwalimu alitupeleka moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akawaita ofisini kwake wale wanaume, wafuasi wa chama kinachopingana na chama cha ngumi. Nikasimama mbele yao. Nikaeleza nilichofanya, kisha nikawawekea wasikilize mazungumzo yote, bila kukata.

Yule aliyepiga picha aliomba kusikiliza tena. Akavua kofia.

"Mama, utusamehe," alimwambia shangazi. "Petroli tulishanunua. Tulipanga kuja leo jioni."

Shangazi akakaa chini palepale sakafuni. Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto mchanga.

Mwalimu alisubiri nitulie. "Maneno ya mtu unaweza kuyafupisha," aliniambia, "lakini maana mwachie mwenyewe. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Wewe ulikaa kimya siku mbili, na ndani ya siku hizo mbili watu wakanunua petroli."