Bikizee Apewa Oili ya Gari Jipya

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kokoto aliligonga lori lake ubavuni na kulisalimia: "Umeamkaje, Bikizee?" Mkewe alikuwa ameshazoea. Lori lile liliizidi umri ndoa yao. Lilibeba mchanga na mawe, nalo ndilo lililowalisha na kuwasomesha watoto.

Walilipenda kama mzazi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyowaponza. Oili ilipofika wakati wa kubadilishwa, mke alisema Bikizee naye aonje kitu kizuri. Kaka yake, mwenye gari dogo jipya, aliwapa madumu ya oili anayotumia mwenyewe. Kokoto akaimimina huku akicheka kwamba leo bibi anakunywa ya matajiri.

Kicheko hakikudumu. Alipofika kwenye machimbo ya mawe, injini ikiwa ya moto na lori limesimama, taa nyekundu ya oili iliwaka. Ndani ya injini kukasikika kitu kikigonga. Kokoto alizima papo hapo, na dereva mwenzake akalivuta lori hadi nyumbani.

Jioni ile hakugusa chakula. Alimwambia mkewe kwamba injini imekufa, na kwamba amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mke alijitanda khanga, akaenda kumwita fundi jirani, yule wanayemwita Spana.

Spana alikuwa rafiki wa Kokoto tangu utotoni, na hawakuachiana utani. "Nimeambiwa kuna mgonjwa mahututi," alisema. "Ni wewe?"

Kokoto akamfungulia boneti. Spana akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilifika kwenye alama. Akaisugua kati ya vidole, kisha akaomba aone dumu lake. Lilikuwa limeandikwa 5W-30.

"Nani kampa bibi oili hii?"

"Sisi," mke akajibu. "Ni ya bei kubwa, fundi. Si ndiyo nzuri?"

"Nzuri kwa gari la kaka yako. Shemeji, viatu vya mwanao ni vizuri. Hebu vivae."

Akawaeleza. Namba ya mwisho inaonyesha uzito wa oili injini ikiwa ya moto. Ile yenye W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Vyuma vya injini kuukuu vimelika, na nafasi kati yake zimepanuka. Oili nyepesi ikipata moto hupita humo kama maji. Presha inashuka, taa inawaka, vyuma vinasagana.

"Basi nitaweka nzito kabisa, kama uji," Kokoto akasema.

"Utamkaba koo. Nzito mno huchelewa kufika juu unapowasha asubuhi. Usikisie. Aliyeitengeneza injini amesema inataka nini."

Akafuta grisi kwenye kibao kidogo chini ya boneti. Kiliandikwa: 15W-40, ya injini za dizeli.

Likabaki jambo moja. Spana alifungua nati ya chini, oili ikamiminika kwenye karai. Alisema wakiona unga wa chuma unaong'aa, basi injini imeumia, na mnunuzi aje. Mke alishika tochi kwa mikono miwili. Kokoto alitazama pembeni. Spana akaichovya oili, akaipaka kwenye kitambaa cheupe, akakigeuzageuza.

"Hakuna kitu," alisema. "Umemwokoa kwa kuzima mapema. Ungesema nijikongoje mpaka nyumbani, tungekuwa tunazika."

Kokoto akaketi chini palepale, kwenye vumbi, akashusha pumzi.

Wakaweka filta mpya na oili iliyoandikwa kwenye kibao. Ile waliyoitoa wakaifungia kwenye dumu, isimwagwe ardhini. Injini ikawashwa, ikaachwa mpaka ikapata moto sawasawa. Ilinguruma bila kugonga. Kokoto akampigia simu mnunuzi, akamwambia asijisumbue.

Kesho yake mke alipanda naye hadi machimboni. Mawe yakapakiwa, injini inanguruma, jua linawaka. Kokoto alikuwa ameinamia dashibodi, hapepesi macho.

"Utaitazama hiyo taa mpaka lini?" mkewe akamuuliza.

"Niache kidogo," akasema Kokoto. "Sijawahi kufurahia kitu kisichowaka namna hii."