Chuma cha Kuvunjia Mise

Ko! Ko! Ko!

Nyumbani kwa Mzee Gervasi, pale kijijini Ilagala, karibu na ziwa, asubuhi ilianza kwa sauti hiyo. Merina, mke wa mwanawe Elikana, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko akivunja mise. Mise ni mbegu ngumu za chikichi, zile zinazobaki mawese yakishakamuliwa. Ndani ya mbegu kuna kiini, na kiini kina mafuta mazuri. Lakini kukitoa si mchezo. Wengi hutumia jiwe, na wengi huponda vidole vyao.

Merina hakuponda vidole. Yeye alikuwa na chuma.

Kilikuwa kinene tumboni na chembamba mkiani, mfano wa kibuyu kidogo. Mkono ulikishika vizuri. Tumbo lake lilikuwa limeng'aa kwa miaka mingi ya kugonga. Mama mkwe wake alikitumia maisha yake yote ya ndoa. Alipofariki alimwachia Merina chuma hicho, masufuria, na maneno mengi kuhusu chakula anachopenda Elikana. Hata majirani walikuja kukiazima.

Agnesi, binti wa Merina mwenye miaka mitano, alikaa mbele ya mama yake akiokota viini. Kimoja aliweka kwenye bakuli, kimoja mdomoni.

"Wewe, utamaliza mafuta kabla hatujakamua," Merina alimwambia.

"Mwache ale," alisema Mzee Gervasi kutoka barazani. "Vitani nilikuwa naota mise. Naamka, hakuna."

Mzee Gervasi alipigana Vita vya Kagera akiwa kijana. Alirudi na mguu mbaya. Alirudi pia na hicho chuma. Alipewa na rafiki yake Yona, askari mwenzake. "Kimeshatolewa moyo hiki," Yona alimwambia. "Limebaki ganda tu. Kaa nacho unikumbuke." Yona hakurudi nyumbani. Gervasi akakitunza. Siku alipomkuta mkewe anakitumia kuvunjia mise, alicheka mpaka machozi. Alisema chuma cha vita kimepata kazi ya amani. Basi ikawa hivyo, na hakuna aliyefikiria tena.

"Mwakeye!" sauti iliita kutoka njiani, ikisalimia kwa Kiha.

Mwanamke mmoja mnene, mwenye miwani, alikuwa anashuka kwenye bodaboda. Alijikung'uta vumbi, akasogea barazani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Asante. Naitwa Winfrida. Natoka mjini, katika ofisi ya askari wastaafu. Tunawatembelea wazee waliopigana vita. Tunataka kujua hali zenu."

Mzee Gervasi alinuna papo hapo. Akinuna hafichi, midomo yote hushuka.

"Ofisi hiyo naijua," alisema. "Nilikwenda huko na mguu wangu unavuja usaha. Nikakuta kufuli. Kufuli lenyewe lina kutu! Nikarudi na mguu wangu. Leo ndiyo mnakuja?"

Merina aliona aibu kwa ajili ya mgeni. Lakini Winfrida hakujitetea. Alivuta kiti, akakaa.

"Pole sana, Mzee. Ni kweli, lilikuwepo kufuli. Naomba nikueleze ofisi ile ilitoka wapi, halafu unifukuze ukitaka."

"Haya, eleza. Kufukuza nitafukuza."

Ko! Ko! Merina aliendelea na kazi, huku masikio yake yako barazani.

"Ilianza na benchi tu," Winfrida alisema. "Vita vimekwisha, vijana wanarudi. Huyu hana jicho, huyu hasikii. Hawajui waende wapi. Palikuwa na askari mmoja, Mzee Hamdani, aliyepoteza mkono. Akaomba chumba kidogo serikalini, kilichokuwa stoo ya majembe. Akaweka benchi nje. Kazi yake ilikuwa kuwasindikiza wenzake hospitalini, maana wengine waliogopa madaktari kuliko risasi."

Mzee Gervasi aliguna. Alikumbuka waoga wa aina hiyo.

"Baadaye wakaanza kuja wajane. Mume amefariki, mama hajui haki zake. Hamdani akaongeza benchi la pili. Kisha ikaja miaka mibaya. Watumishi walipunguzwa, Hamdani akaugua, ofisi ikafungwa. Hilo ndilo kufuli uliloliona. Ilipofunguliwa tena, alirudi yeye yule, mzee sasa, na mimi nikaajiriwa kumsaidia."

Ko! Ko! Ko!

"Halafu siku moja tukaitwa msibani," Winfrida aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Kijiji kimoja cha bara huko. Askari mmoja alikuwa amerudi na kitu kutoka vitani. Kumbukumbu tu. Alikiweka juu ya dari. Wajukuu wakakipata, wakakichezea. Walikuwa watatu. Tulizika masanduku matatu madogo."

Merina alitikisa kichwa. Masikini watoto, aliwaza.

"Tulipofika ofisini Mzee Hamdani alisema, 'Kuanzia leo, kabla hatujamwuliza mtu anataka nini, tumwulize alirudi na nini.' Hamdani amefariki, lakini swali lake ndilo kazi yetu ya kwanza mpaka leo. Kwa hiyo nakuuliza na wewe, Mzee. Ulirudi na kitu chochote kutoka vitani?"

"Kitu gani? Nilirudi na mguu huu," Mzee Gervasi alisema. Kisha akacheka. "Na kile chuma anachovunjia mise mkwe wangu."

Winfrida aligeuka.

Merina alikuwa ameinua mkono juu. Chuma kilikuwa kimening'inia juu ya mbegu, na mbele yake Agnesi ameinama anaokota kiini.

Winfrida alisimama.

"Mama," alisema polepole sana. "Usipige. Usikitupe. Naomba usipige tena."

"Kwa nini, dada?"

"Kishushe chini taratibu. Hapo hapo, juu ya mchanga. Vizuri hivyo. Kiachie. Sasa mchukue mtoto mje kwangu. Msikimbie."

Merina alifanya kama alivyoambiwa. Alimshika Agnesi mkono. Alipofika kwa Winfrida aliuliza, "Ni nini kile?"

"Ni bomu," alisema Winfrida. "Hurushwa kwa mzinga mdogo. Na ile ncha ya mbele ndiyo inayolilipua."

Merina alipiga hesabu bila kutaka. Jana alipiga. Juzi alipiga. Siku ya mvua alivunjia jikoni, karibu na moto, na Agnesi akiwa mgongoni bado ananyonya. Alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalia.

"Acheni kutishana!" Mzee Gervasi alifoka. Aliinuka na fimbo yake. "Kitu kimekaa humu miaka arobaini na zaidi! Kimetolewa moyo. Ngoja nikilete mwone."

Winfrida alimzibia njia. "Mzee, ulikifungua wewe ukaona?"

"Yona aliniambia."

"Na Yona alikifungua?"

Mzee aliegemea fimbo yake.

"Mimi sijui kama ni kizima au kimekufa," Winfrida alisema. "Wewe hujui. Kwa macho hajui mtu. Bomu la zamani halipoi kwa kuzeeka. Kutu ndiyo hulifanya baya zaidi. Wanaojua ni wataalamu wa jeshi peke yao. Sisi tuondoke hapa, majirani waondoke, halafu tupige simu polisi."

Rahabu, jirani wa nyumba ya pili, alikuja mbio kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, alikaa chini vumbini kama alivyo. Wiki ile alikuwa amekiazima. Mumewe alikitumia kupigilia msumari.

Watu wote wa nyumba za karibu walisogea mbali, hadi kwenye uwanja wa shule. Winfrida alimwomba mwenyekiti wa kijiji aweke vijana wa kuzuia njia. Ndipo Elikana akatokea kutoka ziwani, wavu begani.

"Polisi?" alisema akisikia habari. "Mnataka Baba afungwe? Kukaa na bomu ni kosa. Nipeni dakika chache. Nakitia kwenye mtumbwi, nakitupa katikati ya ziwa. Mambo yamekwisha."

"Ndiyo," Mzee Gervasi alidakia. "Ziwa lina kina. Mimi sitaki kufia jela uzee huu."

Elikana alianza kutembea kuelekea nyumbani. Merina alimwona mumewe anakwenda, na akaona mikono ile itakayokibeba. Hofu ilimgeuka ikawa hasira. Alimkabidhi Rahabu mtoto, akakimbia, akasimama mbele yake.

"Hupiti."

"Mama Agnesi, toka njiani."

"Hupiti! Kikikulipukia mkononi nitawaambia nini watu? Na kikifika ziwani, nani anavua huko? Si wewe? Si wadogo zako? Kitakuja kunaswa na wavu, mtakivuta, mtakigonga kwenye mtumbwi."

"Maji hayaliui bomu," Winfrida aliongeza akija nyuma. "Wala usilifukie, wala usilichome. Usiliguse tu. Sitawadanganya, polisi watamwuliza Mzee maswali. Lakini nitakaa naye kila hatua. Anayejitokeza mwenyewe anaeleweka kuliko anayeficha. Tangu swali la Hamdani lianze, nimewapeleka wazee wengi, na wote nimerudi nao nyumbani."

Merina alimgeukia baba mkwe wake. Tangu aolewe hakuwahi kumpinga.

"Baba, nisamehe," alisema, na machozi yanamtoka. "Hata ukinichukia. Nimemweka mjukuu wako mbele ya kitu kile kila siku. Kila siku, Baba! Hakiguswi tena."

Mzee Gervasi alimtazama Agnesi, aliyekuwa amelala begani kwa Rahabu.

"Piga simu," alimwambia Winfrida.

Winfrida alipiga namba ya dharura ya polisi, 112. Alieleza mahali, alieleza umbo la kitu, alieleza kwamba hakuna anayekigusa. Polisi walifika wakalinda nyumba. Usiku ule familia ililala kwa ndugu, upande wa pili wa kijiji. Kesho yake wataalamu wa jeshi walikuja na gari lao. Walikaa muda mrefu uani wakiwa wamevaa mavazi mazito. Kisha walikibeba chuma ndani ya sanduku la mchanga, wakakipeleka kwenye bonde lisilo na watu, mbali na kijiji.

Kijiji kizima kilisubiri. Wengine walianza utani. Mmoja alisema jeshi limekuja kukamata nyundo ya mise. Watu wakacheka. Elikana naye akacheka.

Mlio ulikuja.

Ardhi ilitikisika chini ya miguu. Ndege wote waliruka kutoka michikichini. Mabati ya shule yaligongana, na watoto wakapiga kelele. Moshi mweusi ulipanda kutoka bondeni, ukaendelea kupanda. Hakuna aliyecheka tena. Mume wa Rahabu alijishika kichwa. Elikana aliitazama mikono yake miwili.

Mzee Gervasi alikuwa amekaa chini. Fimbo ilimtoka.

"Kilikuwa kizima," alisema. "Yesu wangu. Kilikuwa kizima. Mke wangu miaka yote ile... na mimi nacheka." Alilia mbele ya watu, kwa sauti. "Yona alinidanganya?"

"Hakukudanganya," Winfrida alisema, akimshika bega. "Naye aliambiwa hivyo, akaamini. Ndiyo sababu tunauliza."

Polisi walimhoji Mzee Gervasi. Winfrida alikaa pembeni yake. Mzee alitoa maelezo yake, akarudi nyumbani jioni ile ile. Baadaye ofisi ya Winfrida ilimpeleka hospitali kwa ajili ya mguu. Daktari aliukuta na kipande cha chuma ndani, akakitoa. Mguu ulianza kupona. Merina sasa anavunja mise kwa jiwe, na vidole vyake vinajua tofauti. Halalamiki.

Mzee Gervasi ndiye aliyeomba kazi. Alimwambia Winfrida, "Wazee wenzangu hawatakwambia wewe. Mimi wataniambia." Tangu hapo anakwenda naye kijiji kwa kijiji. Merina huwafuata akipata nafasi, kuzungumza na akina mama. Katika vijiji vya jirani watu wawili tayari wametoa taarifa. Mmoja alikuwa na risasi ndani ya chungu cha mbegu.

Juzi walikwenda Kagunga, nyumbani kwa Mzee Pastory, aliyepigana vita vile vile. Mkewe, Bibi Verediana, aliwapa wageni viti vyote vilivyokuwepo. Yeye mwenyewe akakaa juu ya sanduku la bati, kona ya chumba.

"Pastory," Mzee Gervasi aliuliza, "ulirudi na nini?"

"Nirudi na nini? Nguo zangu tu."

Mzee Gervasi hakubishana. Alimwomba Merina asimulie. Merina alisimulia kuhusu mise, kuhusu mkono wake uliobaki juu, kuhusu Agnesi aliyeinama mbele yake, kuhusu mlio.

Mzee Pastory alikuwa ametazama sakafu. Jasho lilikuwa limemtoka usoni, na chumba hakikuwa na joto.

"Verediana," alisema. "Inuka hapo. Taratibu. Usilisukume sanduku."

Bibi Verediana alicheka, akidhani ni mzaha. Merina hakucheka. Alikuwa ameshafika mbele yake, amemnyooshea mikono yote miwili.