Hodi Katika Nyumba ya Makumbusho

Rafiki yangu, mwalimu mstaafu, alikata tiketi ya makumbusho kama kila Ijumaa, na mlinzi akamtania, "Shemeji, mwisho tutakupangisha chumba humu."

Alicheka, akawapita wanyama waliokaushwa, akaingia kwenye ukumbi wa giza ilimojengwa nyumba ya kale. Mgeni akipiga hodi, sauti ya mwanamke humkaribisha. Ilikuwa sauti ya marehemu mkewe, aliyeirekodi alipokuwa mfanyakazi wa pale, miaka mingi kabla ya kuugua kifua. Sauti yake nyingine haikubaki popote.

"Hodi," alisema.

Kisha, nyuma ya mlango wa mbao, akasikia, "Karibu." Kikafuata kikohozi kikavu, kile kile kilichokuwa kikimwamsha usiku katika miezi ya mwisho.

Alipotoka alikutana na fundi wa mitambo. "Mwalimu, nisamehe, ningekuambia mapema usijisumbue. Spika ya ile nyumba tumeing'oa tangu jana. Hii hapa."

Kesho yake asubuhi, akitoka kununua mkate, alisimama nje ya nyumba anayoishi peke yake, ufunguo mkononi, akapiga hodi.