Kibali Alichokificha Fundi Bomba

"Dada, umepata!" wakili alisema kwenye simu. "Umeruhusiwa kufanya kazi."

Bibie alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha chuma, katika hosteli ya waomba hifadhi. Akasubiri furaha ije. Haikuja.

"Asante," akajibu, kama mtu aliyetajiwa saa.

"Mwambie na mchumba wako aache uvivu. Kibali chake kilitoka kabla ya mvua, hajaulizia kazi hata moja."

Mchumba wake ni fundi bomba wa chumba cha pili. Kutwa walishinda pamoja koridoni wakimlaani karani anayechelewesha vibali.

Akamtumia meseji: "Njoo."

Fundi akaja, mikono ina povu la sabuni.

"Kibali unacho?"

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ninacho."

"Na yule karani ulikuwa unamlaani ya nini?"

"Anayeanza kazi anatolewa hapa hosteli, unajua. Ulishaacha kula. Unaukodolea macho ukuta mpaka giza linaingia. Nikuache na nani?"

"Kumbe nilikuwa na mlinzi, mimi najidai nina mchumba."

"Usiseme hivyo, mama."

Alitaka kumfokea. Hasira nayo ikamgomea.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Nipige basi, yaishe."

"Nguvu ya kukupiga naitoa wapi?"

Fundi akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio. Bibie akayatazama yale machozi, akamwonea wivu.

"Na mimi nimepata," akasema. "Sasa hivi."

"Wewe! Mbona umekaa hivyo?"

"Sijui. Labda nitasikia kesho."

"Utasikia nini, furaha au hasira?"

"Itakayotangulia." Akasogea, akamwachia nafasi kitandani. "Ila asubuhi tunatoka wote kutafuta kazi. Ukibaki kwa ajili yangu, hunioi."

Wakatoka wote. Bibie alipokelewa kiwanda cha mapazia. Fundi akapata kazi kwenye jengo jipya. Hosteli ikawatoa, wakapanga chumba chenye dirisha bovu. Bado kuna siku Bibie alikula kwa kulazimishwa, na siku aliyokumbuka ule uongo akalala amempa mgongo.

Siku ya ndoa walisimama mbele ya msajili, jamaa mwenye mafua, asiyeinua hata uso.

"Kazi ya bi harusi?"

"Mshonaji."

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Midomo ikaanza kumtetemeka, na fundi alipomshika mkono, Bibie akasikia joto lake.